Sijamwacha, Nimemzima

Siku walipoonana mara ya kwanza, yeye alikuwa ameshika tama. Haikuwa tama ya huzuni, ingawa huzuni alikuwa nayo ya kumtosha. Ilikuwa ya jino. Gego la chini lilikuwa limemvimbisha uso mpaka jicho moja limekuwa dogo kuliko jingine.

Chumba cha kungojea cha kliniki ya meno kilikuwa kimefurika. Ilikuwa Jumatatu adhuhuri, siku ambayo kila aliyejikaza mwishoni mwa juma huamua kwamba sasa imetosha. Watoto walilia kabla hawajaguswa, watu wazima walitazama dari, na dada wa mapokezi alikuwa anaongea na simu mbili kwa mpigo huku akimkodolea macho mtu wa tatu ili asubiri. Katikati ya zogo hilo mwanamke wetu alikaa karibu na dirisha, amevaa gauni jeusi la kazini, viatu vyeupe visivyo na kisigino, na juu ya yote sweta la kijivu lililomzidi mabega. Kompyuta ilikuwa magotini. Aliitazama kama mtu anayetazama maji yasiyotaka kuchemka.

Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka daktari mwenyewe. Alivaa mavazi ya buluu ya kliniki, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, na miguuni alikuwa na raba za manjano ambazo mtu wa umri wake hazinunui bila kushawishiwa.

"Nani mwenye gego?" akauliza.

"Hapa sote tuna magego, Daktari," mzee mmoja akajibu. Watu wakacheka kwa upande mmoja wa mdomo, wale walioweza.

"Yule wa kompyuta."

"Nisubiri kidogo," mwanamke akasema bila kuinua macho. "Namalizia."

"Kwa kawaida mimi ndiye ninayesubiriwa."

"Basi leo utajua tunavyojisikia."

Daktari akasogea, akachungulia kioo cha kompyuta. Kulikuwa na mstari mmoja wa maandishi, na chini yake alama ndogo inayopepesa.

"Inafanya nini hiyo?"

"Inahifadhi kazi. Nimefuta nukta moja."

"Nukta moja ndiyo inachukua muda wote huu?"

"Ndiyo kazi niliyopewa," akasema. "Kujua kwa nini."

Ofisini kwao walimwita Mama Ghala. Mtoto hakuwa naye, na ghala lenyewe halikuwa na mlango wala magunia. Lilikuwa hifadhi ya programu zote za kampuni, za hospitali, za mabasi, za shule, kila kilichoandikwa na kila mtu tangu kampuni ilipoanza, mafaili kwa malaki chini ya paa moja. Mtengeneza programu akimaliza kipande cha kazi hukitia muhuri na kukiingiza humo. Wenyewe wanasema kukomiti. Zamani kukomiti kulikuwa kufumba na kufumbua. Siku hizi mtu alikomiti, akaenda kuchemsha chai, akainywa, akarudi na kukuta bado. Lawama zote zilimwendea Mama Ghala, naye alizipokea bila kununa wala kujitetea. Tangu mwaka jana hakuna kilichomnunisha.

Alipolala kwenye kiti, Daktari akainua sindano.

"Hii ni ya ganzi. Ikikolea niambie."

"Nitajuaje?"

"Utahisi kama shavu ni la mtu mwingine. Utaligusa, utajua unaligusa, lakini halitakuhusu."

"Basi usipoteze dawa, Daktari. Hiyo ninayo tangu mwaka jana."

Daktari akacheka. Kisha akamtazama machoni, akaona mwenzake hachekeshi mtu, akaacha. Alifanya kazi yake kimya, na alipomaliza akamwinulia kiti taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Ganzi itakapotoka litauma," akamwambia. "Usiogope. Lisipouma kabisa, hapo ndipo uje mbio."

"Nirudi lini?"

"Wiki ijayo. Lakini umwone mwenzangu wa chumba cha pili."

"Nimekuuma kidole?"

"Hapana." Daktari akajifanya anapanga vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha pangwa. "Kuna jambo ambalo daktari hamwambii mgonjwa wake. Nataka kwanza usiwe mgonjwa wangu."

Ningependa kuwaambia kwamba moyo wa Mama Ghala uliruka. Haukuruka. Aliona tu kwamba mwanamume yule alikuwa na sauti nzuri na viatu vya ajabu, akaandika namba yake ya simu kwenye karatasi ya dawa, akamwachia.

Yakaanza maongezi ya simu. Daktari alikuwa mtu wa simu. Alipiga asubuhi akiwa anapiga mswaki, jambo ambalo alisema ni sehemu ya taaluma.

"Hujambo, kipenzi?"

"Mzima."

"Mzima kabisa?"

"Mzima."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Kitu."

"Kitu hicho kilikuwa na rangi gani, roho yangu?"

Hapo alijaribu kukumbuka, na Daktari upande wa pili akacheka na povu mdomoni. Lile neno "mzima" Mama Ghala alilirithi kwa mama yake, pamoja na lile sweta la kijivu. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Wote walilia mazishini isipokuwa yeye, aliyekuwa anahesabu viti kama vitatosha. Baada ya siku chache alirudi kazini, watu wakamsifu kwamba ana moyo wa chuma.

Alikaa na mdogo wake wa kike katika nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Mdogo wake alisomea ushonaji, alikuwa na cherehani mezani na midomo isiyochoka.

"Dada, leo Shemeji kapiga mara ngapi?"

"Sijui."

"Mimi najua, maana mara mbili nimepokea mimi. Kaniuliza unapenda rangi gani. Nimemwambia kijivu. Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Mungu wangu, mtu anaulizwa rangi ya mapenzi anajibu kijivu." Akakata uzi kwa meno. "Unampenda lakini?"

Mama Ghala akafikiri. Alijua kwamba Daktari ni mwema. Alijua kwamba utani wake unachekesha, kama mtu anavyojua kwamba chakula kina chumvi kwa kusoma pakiti. Wakitembea, Daktari na raba zake za manjano, yeye na sweta lake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwenzake, alijua kwamba umeshikwa. Hayo yote aliyajua vizuri sana.

"Nadhani," akasema.

Jioni moja Daktari alipanda ngazi zote zile bila kupiga simu kwanza, akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mdogo mtu alipoliona lile shati alikumbuka ghafla kwamba ana vyombo vya kuosha, akaingia jikoni, akafungua maji kidogo sana ili asikie vizuri.

"Nimepewa kliniki mpya niiongoze," Daktari akasema. "Mji mwingine, mbali. Bado sijajibu."

"Hongera."

"Sitaki hongera. Nataka tuhamie wote. Nataka unioe... yaani nikuoe. Nimelifanyia mazoezi hili neno njia nzima na bado nimelikosea."

Jikoni maji yakafungwa kabisa.

"Lini?" Mama Ghala akauliza.

"Wanataka jibu mwisho wa mwezi."

"Nipe muda."

"Chukua, mpenzi. Ila nao muda wenyewe si wangu."

Alitaka kusema ndiyo. Hilo nataka lieleweke, maana wapo watakaomwona mkavu. Alilitafuta lile neno kwa bidii. Lakini kila alipoanza kulitafuta ilimbidi kwanza apite kila mahali: chumba cha mama, kitanda cha hospitali, maua ya plastiki ya mezani, simu ya mwisho, mdogo wake alivyopiga kelele korido nzima ikasikia. Alipita kila chumba, akahakikisha kila kitu kipo palepale na kiko vilevile, na kabla hajafika alipo Daktari, Daktari alikuwa amemaliza chai na anavaa viatu.

Mwezi huohuo, kazini, mkuu wa kitengo alimwita.

"Watu wanakunywa chai mbili kwa komiti moja," akasema. "Nimevumilia. Mwezi ukiisha bila dawa, ghala tunalikatakata, kila timu ichukue kipande chake."

"Likikatwa halitaunganika tena."

"Basi tafuta ugonjwa."

Mama Ghala alikuwa na njia moja ya kutafuta ugonjwa, na ilikuwa haijawahi kumwangusha. Unazima kitu kimoja, unapima, unaandika, unakiwasha. Unazima kingine. Kitakachozimwa mambo yakaenda mbio, ndicho mkosaji. Alianza na walinzi. Hao walikuwa programu ndogondogo zilizosimama mlangoni mwa ghala, kila mmoja na ukaguzi wake: huyu anaangalia kama maandishi yamepangwa vizuri, yule kama mtu hakusahau nywila yake ndani ya kazi. Alizima mmoja, akakomiti, akangoja, akaandika "hakuna tofauti", akamwasha. Akazima wa pili. Aliyekaa meza ya jirani, kijana waliyemwita Kasuku kwa sababu zinazojulikana, alimtolea maoni yote.

"Ghala lako limenifunza uvumilivu, Mama Ghala. Mke wangu anakushukuru."

"Karibu."

"Juzi nimekomiti nikaenda kunyoa. Nimerudi kichwa kitupu, bado inafikiri."

Hakucheka. Aliandika: hakuna tofauti.

Sasa sikilizeni kosa alilolifanya, na mniambie kama kuna mtu mwingine duniani angelifanya asipokuwa mtu wa kazi ile. Aliona kwamba naye mwenyewe amekuwa mzito, kila jibu lake linachelewa, akaamua kujipima kwa njia ileile. Aliacha kahawa siku kadhaa: hakuna tofauti. Aliacha kuvaa sweta: alipata mafua, lakini tofauti haikuwapo. Alimwomba mdogo wake aache kuongea asubuhi, jambo lililomwumiza mdogo wake sana na halikusaidia kitu. Alipoishiwa vya kuzima akabaki na kimoja.

Alimpigia simu saa ya chakula cha mchana.

"Kipenzi! Leo jua limetoka upande gani, unanipigia wewe?"

"Nataka kukuomba kitu."

"Omba viwili."

"Nataka nikuzime kwa wiki mbili."

Kwa mbali ikasikika mashine ya meno ikilia.

"Unizime?"

"Usinipigie, nami nisikupigie. Usije. Nataka nione kama ni wewe."

"Kama ni mimi nini?"

"Unayenichelewesha."

Ukimya uliofuata ulikuwa mrefu. Mtu mwingine angeusikia. Yeye aliungoja uishe, kama alivyongoja vingine vyote.

"Sawa," Daktari akasema mwishowe. "Sawa, Mama Ghala."

Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Kwake siku zote alikuwa kipenzi, roho, mpenzi, na siku moja ya kichaa "ufizi wangu". Mama Ghala hakuliona hilo. Alikata simu, akafungua ukurasa, akaandika tarehe.

Wiki ya kwanza ikapita. Simu yake ilikaa mezani imelala kifudifudi. Asubuhi ilikuwa kimya, hakuna mswaki wala povu. Alijichunguza kwa uaminifu kabisa, akaandika: Daktari, hakuna tofauti.

"Dada, umemwacha Shemeji?" mdogo wake akamwuliza huku pini zimemjaa mdomoni.

"Sijamwacha. Nimemzima."

Mdogo wake akatoa pini moja moja, akazipanga mezani, ili aweze kusema vizuri. "Na yeye anajua tofauti yake?"

"Nilimweleza."

"Ulimwelezaje?"

Akamwambia. Mdogo wake akamtazama kama anavyotazama nguo iliyokatwa vibaya, wakati ambapo hata kushona upya hakusaidii.

"Dada yangu. Jokofu ndilo linazimwa."

Alhamisi ya wiki ya pili, mdogo wake alirudi kutoka nje, hakukaa.

"Shemeji amenipigia kuniaga. Anaondoka kesho kutwa. Kazi ameikubali."

"Sawa."

"Sawa?"

"Nimesikia."

Mdogo wake akaingia chumbani, akalia yeye, kwa sababu katika nyumba ile lazima angekuwapo mtu wa kuifanya kazi hiyo.

Ijumaa asubuhi Mama Ghala alikuwa mezani kwake. Mwezi ulikuwa unaisha na orodha yake ilijaa maneno mawili yaleyale. Akamrudia mlinzi wa kwanza, yule aliyeanza naye, akamzima tena bila matumaini. Akakomiti. Akangoja. Kasuku alimaliza kumsimulia ndoto nzima, ndipo komiti ikapita. Hakuna tofauti. Alipotaka kuandika akaona amekosea herufi katika maelezo ya komiti yenyewe, akairekebisha, akakomiti tena kabla ya kumwasha mlinzi.

Kidole hakijainuka, ilikuwa imekwisha.

"Imekwama?" Kasuku akauliza.

"Imepita."

"Acha masihara."

Akabadilisha herufi nyingine, akakomiti. Ikapita. Akafanya tena na tena, na kila mara ilipita kama mlango ulioachwa wazi. Akamwasha mlinzi. Uzito ukarudi palepale.

Ndipo akakumbuka habari za Jirani. Jirani lilikuwa jina la ofisini la programu iliyokaa ndani ya kila kompyuta ikiangalia nani kahama na nani kahamia. Bila Jirani, kabla ya kila komiti mashine hulazimika kuliuliza kila faili, mojamoja, malaki yote: wewe umebadilika? Na wewe? Ukiwa na Jirani, humwuliza yeye tu, naye husema, tangu ulipopita hapa kimesogea kile pale, vingine vipo. Lakini Jirani akiwa mgeni, ndiyo kwanza kaamshwa, hajui kitu. Ukimwuliza husema sijui, kagua nyumba nzima. Na komiti ya kwanza baada ya kumwamsha ni ya mgeni kila mara. Ya pili ndiyo inayosema kweli. Mama Ghala alikuwa amempima kila mlinzi mara moja tu.

Lakini nani alikuwa anamwamsha Jirani upya kila siku, katika kila kompyuta ya kampuni? Akamfungua mlinzi wa kwanza, akasoma. Mstari ulikuwapo, juu kabisa. *Muue Jirani, umwanzishe upya.* Na kando yake, maelezo kwa ajili ya atakayesoma: *Usimwamini akisema hakuna kilichobadilika. Kagua vyote.*

Mwandishi alikuwa yeye. Wiki yenyewe ilikuwa ile aliyorudi kazini kutoka mazishini, na hakukumbuka hata herufi moja. Baadaye akakumbuka kidogo: Jirani alikosea siku moja, akasema hakuna kilichobadilika kumbe faili moja limebadilika. Lilikuwa kosa dogo, la kurekebishwa kwa mchana mmoja. Yeye alilihukumu kana kwamba mtu amekufa.

Na kweli mtu alikuwa amekufa. Kila jioni kwa miezi alikuwa akimpigia mama yake. Hujambo, Mama? Mzima, mwanangu. Kuna jipya? Hakuna, mwanangu, tuko vilevile. Naye aliridhika, akakata simu, akaenda kulala. Mama alikuwa anaumwa miezi yote hiyo na alijua anaumwa. Hata siku ya mwisho alisema mzima.

Mama Ghala akakaa na mikono juu ya meza. Aliumia. Aliumia mchana kweupe, mbele ya watu, akalia kwa sauti ambayo mwenyewe hakuijua. Kasuku, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alikosa la kusema. Alikwenda akarudi na karatasi ya chooni, bunda zima, akaliweka mbele yake kwa heshima.

"Ghala limeharibika?" akanong'ona.

"Limepona," akasema kati ya kwikwi. "Ufute ule mstari. Wa juu kabisa. Umwache Jirani akae."

"Wewe unakwenda wapi?"

"Nimepima vibaya," akasema, akashika mkoba.

Kliniki ilikuwa imejaa kuliko siku ile ya kwanza. Dada wa mapokezi hakuinua macho.

"Daktari wa chumba cha kwanza leo anaaga. Anaona wenye dharura tu."

"Mimi ni dharura."

Dada wa mapokezi akainua macho, akauona ule uso, akabonyeza kengele.

Daktari akatoka. Mavazi yalikuwa yaleyale ya buluu, lakini miguuni alivaa viatu vyeusi vya ngozi, vya mtu anayekwenda kuongoza kliniki. Mama Ghala aliviona vile viatu, na vilimchoma.

"Jino?" Daktari akauliza.

"Hapana."

"Umekuja kuniwasha?"

"Nimekuja kukwambia nilipima vibaya."

"Nilijua tu kitakuja kipimo."

"Nisikilize. Ukizima kitu, kipimo cha kwanza hakina maana. Mashine inakuwa bado inakagua kila kitu upya. Lazima upime tena. Mimi nilipima mara moja, nikaandika hakuna tofauti."

"Uliandika?"

"Niliandika."

"Daktari, hakuna tofauti?"

"Ndiyo."

Mama mmoja kwenye benchi akaguna. Chumba kizima kilikuwa kimesahau meno.

"Mimi kazi nilikuwa sijaikubali," Daktari akasema. Hakupandisha sauti. "Nilikuwa nakusubiri wewe. Ungeniambia umechoka ningekuelewa. Ungesema hunitaki ningelia, nikapona. Lakini kuzimwa! Nimekaa siku zote hizo natazama simu kama hawa wanavyotazama ule mlango. Mimi si swichi."

"Najua."

"Sasa umejuaje?"

Daktari akamtazama vizuri, na mazoea ya kazi yakamshinda hasira.

"Macho yamekuvimba. Uko mzima?"

Neno lilikuja lenyewe, la mama yake, limekaa tayari ncha ya ulimi. Aliliacha palepale.

"Hapana," akasema. "Si mzima. Mama amekufa."

Daktari alilijua hilo tangu zamani. Alikaa chini hata hivyo, kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yakamfika kifuani.

"Mama amekufa, na kila siku alikuwa ananiambia mzima. Naumwa kila mahali. Na ninakutaka wewe, na hilo nalo linauma, na sijui lipi ni lipi."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Linauma sana?"

"Sana."

"Vizuri," Daktari akasema, na sauti yake ikakatika katikati ya neno. Alijifuta uso kwa mkono wa mavazi. "Mimi kesho naondoka. Hilo siwezi kulirudisha nyuma."

"Najua. Nina ghala la kukabidhi na mdogo wangu wa kumwangalia. Sitaweza kukufuata kesho."

"Na nikikuuliza tena lile swa..."

"Ndiyo."

"Sijauliza."

"Ndiyo," akarudia.

"Binti amekubali, Daktari," mzee mmoja akasema kutoka pembeni, ameshika shavu. "Sasa turudi kwenye meno yetu."

Watu wakacheka, na Daktari akasimama kwa shida kutoka kwenye kile kiti. Hakumkumbatia; mikononi alikuwa na glavu. Alimgusa shavu kwa kiwiko, upande wa lile gego.

"Nisubiri nimalize hawa," akasema.

"Ni wengi."

"Ni wengi. Nisubiri."

Alikaa karibu na dirisha, mahali palepale. Alijua kwamba kesho asubuhi simu haitakuwa na povu la mswaki, itakuwa na kelele za safari, na baada ya hapo umbali, sijui mpaka lini. Aliliwaza hilo na likamwuma, akaliwaza tena na likamwuma palepale. Akajifunika sweta la mama yake mpaka kidevuni, akalia kidogo bila kujificha.

Mama aliyekaa kando yake, pamba mdomoni, akamwinamia kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Ganzi imetoka?"

"Inatoka, mama," akasema. "Ndiyo inatoka."